Lesney na Magari ya Kisanduku cha Kiberiti

Kampuni ya Lesney Products ilianzishwa London, Januari 1947, na Leslie Smith na Rodney Smith, marafiki wa tangu shuleni ambao hawakuwa na udugu wowote. Karakana yao ya kwanza ilikuwa baa ya zamani iliyoitwa The Rifleman. Humo walisubu vipuri vya viwandani, na punde akajiunga nao Jack Odell, fundi hodari wa kalibu. Kila mwaka ulipokaribia kwisha oda zilipungua, kwa kuwa wateja walipunguza bidhaa ghalani kwa sababu za kodi. Mashine zisikae bure, mwaka 1948 wakatengeneza rola la kuchezea la kushindilia barabara.

Siri ya kusubu vitu vya kuchezea vya aina hii imo kwenye metali. Zinki iliyochanganywa na alumini, pamoja na shaba na magnesi kidogo, huyeyuka kwenye nyuzijoto 385 hivi. Ikisukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma, hupenya hadi kwenye ufa wa mlango na matundu ya rejeta, kisha huganda mara moja. Kalibu ni ghali mno, lakini kila bodi inayotoka humo ni rahisi. Usafi nao hauna mbadala: risasi kidogo ikichanganyika, gari huja kupasuka na kumeguka lenyewe baada ya miaka, na ndivyo yalivyoharibika magari mengi ya kuchezea yaliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Rodney Smith aliondoka mwaka 1951. Mwaka uliofuata, shule aliyosoma binti wa Odell iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Odell akamtengenezea rola dogo la shaba nyeupe, na watoto wenzake wakalitamani. Mwaka 1953, mwaka ambao kigari kidogo cha kifalme ilichotengeneza kwa kumbukumbu ya kutawazwa kwa Elizabeth II kiliuzwa zaidi ya milioni moja, Lesney ilianza kuuza magari ya Matchbox: rola, tipa na mashine ya kuchanganyia zege. Bei yake iliwezekana kwa pesa ya mfukoni ya mtoto, na hapo ndipo ushindi ulipopatikana. Orodha ikakua hadi magari 75. Mwaka 1956 ikaongezwa safu ya magari ya kale.

Pigo lilitoka Marekani. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ilileta magari ya Hot Wheels, yenye ekseli nyembamba na magurudumu yaliyoteleza kwa kasi. Ufundi wa bodi za Lesney ulikuwa bora, ila watoto walitaka mwendo. Kampuni ilijibu mwaka 1969 kwa safu ya Superfast, jambo lililoilazimu kubadilisha magurudumu ya karibu magari yake yote kwa gharama kubwa. Haikuirudia tena nafasi yake ya awali. Juni 1982 ilifilisika, na Matchbox ikanunuliwa na kampuni ya Universal ya Hong Kong, kisha na Tyco mwaka 1992. Tangu 1997 mmiliki wake ni Mattel, mshindani yuleyule.