Wakulima wa Makueni na Udongo Wao



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya kijiji cha wakulima. Sikuchagua kijiji chenye sifa kubwa. Nimechagua kijiji cha namna ile ambayo msafiri aendaye Mombasa kwa basi au kwa gari moshi hukipita bila ya kukitazama mara mbili, yaani kijiji cha Wakamba katika nchi ya Makueni. Wenyewe hukiita utui.

Mtu wa pwani akisikia neno kijiji, huwaza nyumba zilizokaribiana, zenye njia nyembamba kati yao na kisima mahali pa wote. Utui si hivyo. Nyumba zimetawanyika ubavuni mwa kilima, kila mji na shamba lake, na baina ya jirani na jirani yaweza kuwako korongo au malisho ya mbuzi. Hakuna ukuta wala lango. Hata hivyo kila mtu ajua utui wake ni upi, kwa kuwa watu wa utui ndio wanaozikana, ndio wanaosimamiana katika arusi, na ndio wanaoitana kazi ikiwa kubwa. Kule kuitana kazini huitwa mwethya, na juu ya neno hilo nataka kusema zaidi, maana ndilo lililoiokoa nchi hii.

Kwanza yapasa tuijue nchi yenyewe. Mvua za Makueni ni mbili kwa mwaka. Ile ya Machi hata Mei huitwa uua, na ile ya Oktoba hata Desemba huitwa nthwa. Penginepo katika Kenya mvua ya masika ndiyo inayotegemewa, lakini Ukambani mkulima hutumaini zaidi mvua ya nthwa. Kwa hiyo mwezi wa Septemba hakuna anayelala. Mashamba hulimwa kwa plau na ng'ombe, na wengi hupanda mbegu katika udongo mkavu kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa sababu mvua ikija haikai siku nyingi, na atakayengoja inyeshe ndipo apande atakuwa amekwisha kuchelewa. Hupanda mahindi, kunde, pojo, mtama, na mbaazi. Mbaazi za asili hupandwa pamoja na mahindi ya nthwa, lakini hazivunwi ila karibu na Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata, mahindi yakiwa yamekwisha kuliwa zamani. Hivyo shamba moja hulisha watu mara mbili.

Mvua yenyewe ina kiburi. Hunyesha kwa nguvu, saa moja au mbili, juu ya ardhi iliyokauka kama tofali. Maji yasipozuiliwa hayaingii chini, hukimbia bondeni yakiuchukua udongo mzuri wa juu. Kesho yake jua ni kali, na mkulima abaki na mawe. Basi shida ya Makueni si uchache wa mvua peke yake. Hata ile mvua ichache inayokuja hupenda kuondoka siku ile ile.

Hali hiyo ilifikia ubaya mkubwa katika miaka ya 1930. Wakamba walikuwa wamezungukwa na mashamba ya walowezi na ardhi iliyoshikwa na Serikali ya kikoloni, nao watu na mifugo walikuwa wakizidi katika nchi isiyozidi. Mwaka 1937 afisa wa Idara ya Kilimo, Colin Maher, aliandika taarifa ya kutisha juu ya mmomonyoko wa udongo katika Ukambani. Serikali ikaona kwamba dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kusikitisha. Watu wakakataa. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu yao walikwenda Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alihamishwa akapelekwa Lamu, lakini mpango ule wa kukamata ng'ombe uliachwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja shauri nyingine, nayo ni kuwahamishia watu katika nchi ya Makueni. Wakati huo Makueni ilikuwa pori la miiba, makao ya mbung'o na vifaru. Mwindaji wa Serikali, J. A. Hunter, alitumwa kuwaondoa vifaru, naye aliua karibu elfu moja kati ya mwaka 1944 na 1946. Hesabu hiyo leo hatuwezi kuisoma bila ya kusikitika. Pori likafyekwa, na viwanja vikapimwa. Lakini watu hawakukimbilia kuja. Wengi walishuku kwamba nchi ikisha kusafishwa itapewa Wazungu, na tena hawakupenda masharti yaliyowekwa juu ya mifugo na kilimo. Waliokuja kwanza walikuwa wachache, na wenzao waliwatazama kwa jicho baya. Mbele kidogo, walipoonekana wakivuna, wengine wakafuata.

Sasa twafika kwenye matuta. Serikali ile iliwalazimisha watu kuchimba matuta siku zilizoamriwa, kwa zamu, chini ya machifu. Matuta mengi ya kwanza yalikuwa membamba, udongo wake ukitupwa upande wa chini. Yalichimbwa kwa haraka, na kwa haraka yakabomoka. Watu waliyachukia, kwa kuwa waliyaona ni kazi ya mtu mwingine katika shamba lao.

Baadaye ilienea namna nyingine, ambayo leo yatajwa katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi kwa jina lake la Kiswahili, nayo ni fanya juu. Mkulima hupima mstari sawasawa kukata mteremko, akachimba mfereji, na udongo akautupa upande wa juu. Juu ya tuta hupanda majani ambayo mizizi yake hulishika, na ng'ombe huyala. Ndani ya mfereji watu wengine hupanda migomba au mipapai. Mvua ikinyesha, udongo unaotelemka husimama penye tuta, na miaka ikipita shamba lenyewe hulala tambarare kama ngazi. Maji hayapati njia ya kukimbia; hukaa na kuzama mpaka kwenye mizizi. Mwaka wa mvua kidogo, shamba la matuta laweza kumpa mtu chakula hali jirani asiye na matuta hapati kitu.

Kazi hiyo ni nzito kuliko nguvu za nyumba moja. Hapo ndipo mwethya ulipoingia. Desturi yenyewe ni ya zamani: mtu mwenye kazi ya kujenga au kupalilia aliwaita majirani, akawaandalia chakula, na siku ya pili alikwenda kwao. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilishika jembe la matuta, na wengi wa waliochimba walikuwa wanawake, kwa kuwa waume zao walikuwa kazini Nairobi, Mombasa au jeshini. Leo shamba la mama huyu, kesho la yule, na katika miezi ya kiangazi kilima kizima hugeuka sura.

Uhuru ulipokaribia, wengi walidhani kwamba lazima ikiondoka, matuta nayo yatakufa. Kwa muda kweli kazi ilipungua. Lakini tazameni jambo hili. Picha zilizopigwa kutoka hewani mwaka 1948, 1961 na 1978 zaonyesha kwamba matuta yaliendelea kuongezeka baada ya uhuru, hali hakuna tena askari wa kusimamia. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1992. Walionyesha kwamba watu wa wilaya hiyo walikuwa kama 240,000 mwaka 1932, na mwaka 1990 walikuwa karibu 1,400,000. Mtu angetazamia nchi iwe jangwa. Kumbe udongo ulikuwa umeshikwa vizuri kuliko zamani, na mazao kwa kila mtu yalikuwa yamezidi, hayakupungua.

Sababu yake ni nini? Mkulima aliona kwa macho yake kwamba tuta lamletea gunia. Alipata soko la kuuzia kahawa katika vilima, na pamba, mbaazi, machungwa na maembe katika nchi ya chini. Fedha za mshahara wa mjini zilirudi nyumbani zikanunua plau na ng'ombe wa kulima. Na zaidi ya yote, alijua kwamba shamba ni lake, na mtoto wake atalikuta. Mtu hujenga penye matumaini.

Nimetaja ngazi za udongo, na pengine baadhi yenu mmekumbuka picha za kisiwa cha Java katika Indonesia. Huko nako kuna vijiji vidogo vya wakulima, na familia nyingi huishi kwa shamba lisilofika nusu hekta. Wamechonga pande za milima ngazi kwa ngazi, wakapanda mpunga, nao wana desturi ya kusaidiana iitwayo gotong royong, ambayo ni ndugu wa mwethya. Lakini Java ina mvua nyingi na udongo wenye rutuba uliotokana na volkano. Mjava hutengeneza ngazi ili maji yasimame juu ya shamba. Mkamba huitengeneza ili maji machache aliyopewa yaingie ndani yasimtoroke. Kazi zafanana, lakini riziki zao mbali mbali.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba Makueni ni peponi. Wazee huhesabu miaka kwa majina ya njaa, tangu ile kubwa ya mwisho wa karne ya 19 iliyoitwa Ngomanisye. Ukame mkubwa uliingia mwaka 1961, na tena mwaka 1984. Na kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za mashariki ya Kenya. Tuta haliumbi mvua. Hulinda tu ile iliyokuja.

Tena mwanadamu hanywi mahindi. Maji ya kunywa ni habari nyingine, na hapa yafaa tuvuke mto Athi tuingie Kitui, ambako watu wa vijiji wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia. Mito ya huko hujaa siku chache tu katika mwaka, halafu hubaki mchanga mtupu. Watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, msingi wake ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta. Mtu asiyejua atasema bwawa limeharibika kwa kuwa limejaa mchanga. Lakini maji yamo ndani ya mchanga huo, kati ya punje na punje, wala jua haliyafikii, wala mbu hawatagi humo. Katika kiangazi kina mama huchimba kidogo au huvuta pampu, wakapata maji karibu na nyumbani, badala ya kupoteza nusu ya siku wakiwafuata punda. Kazi hii nayo hufanywa na vikundi: watu huleta mawe, mchanga na nguvu za mikono, na wafadhili huleta saruji na fundi.

Na hapa ndipo penye hatari ya siku hizi, ambayo kwa ajili yake nilikubali kusema leo. Mchanga ule ule unaohifadhi maji ndio unaotakiwa na wajenzi wa miji. Malori huingia mitoni, pengine usiku, na kijana asiye na kazi hupata fedha kwa kupakia. Lori likiondoka, mto hushuka, kingo huanguka, na visima vya jirani hukauka. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria mwaka 2015 ya kulinda mchanga na kuusimamia matumizi yake. Sheria hiyo ni nzuri, lakini historia ya matuta yatufundisha kwamba amri peke yake haishiki udongo. Utashikwa siku ambapo kila nyumba ya utui itajua kwamba mchanga wa mtoni ni ghala yake ya maji, kama vile ilivyojua kwamba tuta ni ghala yake ya chakula.

Nawaambia vijana hawa bila ya kuwakemea, maana fedha ya lori ni fedha ya kweli, na tumbo halingoji. Lakini nawaomba wapige hesabu. Lori moja hulipwa mara moja. Mto wenye mchanga hulipa kila kiangazi: humwagilia mboga na michungwa michanga, hunywesha ng'ombe, na humpa dada yako nafasi ya kwenda shule badala ya kwenda mtoni. Na ninyi mnaokaa mjini na kutuma fedha nyumbani, ulizeni mchanga wa nyumba mnayojenga umetoka mto gani.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Nyanya zetu walichimba vilima hivi bila mashine, kwa jembe la mkono na kwa mwethya, nasi twala jasho lao mpaka leo. Zamu imetufikia sisi tulinde mito kwa njia ile ile.