Shali ya Mwenye Kuuguza
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, siku Chama Kikuu kilipotimiza miaka kumi



Wasemaji walionitangulia wamehesabu magunia na fedha, nao wamefanya vema. Mimi nimeombwa niseme kwa niaba ya akina mama, na nimechagua habari ya kitu kidogo, yaani shali ya kufuma.

Sote twaijua baridi ya Juni na Julai hapa Newala, ukungu upandapo kutoka bonde la Ruvuma. Miezi hiyo ndiyo ya kuipulizia mikorosho salfa, kwani ubwiri unga ukiwahi maua, mavuno hayapo. Mwaka mmoja, katika majira hayo, mama yangu mzazi aliugua, tukamteremsha hospitalini chini ya mlima. Mgonjwa alikuwa na kitanda na blanketi. Mimi niliyemwuguza nilikuwa na khanga mbili. Mchana nilimwosha na kumlisha. Usiku nilikaa macho nikijiuliza maswali mawili: Je, mama atapona? Na mikorosho yetu ataipulizia nani?

Siku ya nane walifika wanawake wawili wa chama chetu cha msingi, wameleta shali. Waliofuma walikuwa watano, kila mmoja vipande kumi vya mraba vya sentimita 15, kisha wakaviunga mistari mitano. Uzi ulikuwa wa pamba, maana hauwashi mwilini na hufulika kwa urahisi. Nasi watu wa uwanda huu, ambao mama zetu walipanda mlima na mitungi kichwani, twajua thamani ya maji. Wasiojua kufuma walichanga fedha za nyuzi. Mmoja wao akaniambia, “Dada, usihangaike na shamba. Mzunguko wa pili wa salfa umekwisha kupigwa.” Hapo ndipo nilipolia.

Ndugu zangu, mama hakupona. Shali si dawa, wala sitaki mtu adhani hivyo. Lakini nilirudi naye nyumbani nimejifunika kazi ya mikono mitano, na msimu wa korosho ulipofika nilikuwa na cha kupeleka ghalani.

Tukumbuke kwamba ushirika wa kisasa ulipata mfano wake kwa watu wa nyuzi. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao wenyewe kwa fedha walizochanga kidogo kidogo. Nadhani fundi wa nyuzi huelewa ushirika upesi. Atumiaye sindano yenye kulabu hupitisha kitanzi ndani ya kitanzi, na hakuna kinachosimama peke yake. Kitanzi cha mwisho kisipofungwa, mtoto akivuta uzi, shali nzima hufumuka.

Hali kadhalika chama. Mwanachama aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa ndiye kitanzi cha mwisho. Hafiki mkutanoni, haonekani ghalani, na ni rahisi kumsahau. Tukimsahau, tunaanza kufumuka kutoka kwake.

Waheshimiwa maofisa, siombi kifungu kipya katika masharti. Naomba kila chama cha msingi, Masasi na Newala, kiweke kikapu kimoja cha nyuzi na sindano, na kichague watu wawili wa kuuliza kila juma: Nani anauguza? Shamba lake li katika hali gani? Akina mama wafume. Akina baba washike mashine za salfa. Na shali apewe mwenye kuuguza, kwa kuwa mgonjwa hutazamwa na wengi, naye hatazamwi na mtu.

Shali ile ninayo hata leo. Imekwisha kwenda hospitalini mara tatu, mabegani mwa watu wengine.