Mpira Unachezwa na Mezani Pia
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Musoma)



Nimeombwa niseme juu ya michezo na maisha. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni majalada. Kwa hiyo nitamsema mtu aliyeijua kazi ya uwanjani na ya mezani: Charles Boniface Mkwasa.

Mkwasa alicheza kiungo Yanga na Taifa Stars, kisha akashika ualimu wa mpira. Mwaka 2015, baada ya Taifa Stars kufungwa 3-0 na Uganda huko Zanzibar, alikabidhiwa timu ya taifa. Septemba ikatoka sare 0-0 na Nigeria. Novemba iliongoza 2-0 dhidi ya Algeria, mabao yakarudi yote. Siku tatu baadaye, kule Blida, ikafungwa 7-0. Hakuukimbia mpira. Mwaka 2017 akawa Katibu Mkuu wa Yanga, na mwaka 2019 klabu ilipoachana na kocha wake, akaitwa tena kuishika timu kwa muda.

Vijana, msidhani ukatibu ni kazi ya walioshindwa mpira. Tazameni hapa kwetu. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Mwaka 2021 ikacheza Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 hapa nchini. Kwenye marudiano haikufika. Safari ilikwama, ikatolewa mashindanoni. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Miguu ya wachezaji wale ilikuwa imekwisha fanya kazi yake. Zilizobaki ni fedha, vibali na ndege, na hayo hayachezwi kwa miguu.

Kutoka Bunda hadi Butiama vipaji vipo. Tunachopungukiwa ni watu wa kuandika, kuhesabu na kupanga mapema. Naomba mambo mawili. Kwanza, timu ya shule iwe na katibu na mhazini, wote wanafunzi, na daftari lao likaguliwe kila muhula. Pili, sisi wa zamani tusiishie kuleta jezi. Tuje tuwafundishe kuandika bajeti ya safari na kurejesha masurufu. Mimi niko tayari kuanza muhula ujao.