Gari la Chama Linapokosa Nguvu Wakati wa Baridi
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nilipokagua vitabu vya chama kimoja cha msingi huku nyanda za juu za Njombe, nilikuta hati ya malipo ya kufungua injini ya pikapu ya chama. Sababu iliyoandikwa ilikuwa maneno mawili tu: "Halina nguvu." Fedha hizo zilikuwa za kusafirishia mbolea, wanachama wakaibeba vichwani. Julai iliyofuata, asubuhi ya ukungu, gari lile lile lilishindwa kupanda kilima kilicho karibu na ghala. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chama hiki kilijenga ukuta, na ufa ukabaki pale pale.

Ufa wenyewe ulikuwa waya wa choki uliokatika. Katika baridi petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo gari kuukuu lenye kabureta huhitaji mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko kawaida. Choki ndiyo ipunguzayo hewa. Isipofanya kazi, dereva akikanyaga mafuta injini hukohoa na kusita.

Basi, kabla ya kutia saini hati yoyote, katibu amwulize dereva: Je, udhaifu huisha injini ipatapo moto? Ukiisha, tazameni choki kwanza. Kama injini haipati moto hata baada ya safari ndefu, huenda themostati imekwama wazi. Kufunika rejeta kwa gunia si dawa yake.

Udhaifu ukibaki hata injini ikiwa na moto, anzeni na vya bei nafuu: chujio la hewa, chujio la petroli, na plagi. Plagi yenye masizi meusi makavu huonyesha kuwa petroli imezidi. Iliyo nyeupe, huenda hewa imezidi. Ya kahawia ni nzima. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, huenda breki inashika. Wala tusisahau mwinuko: kwenye mita 2,000 injini ya namna hii, hata ikiwa nzima, hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zake.

Ndugu wanachama, injini isifunguliwe kabla fundi hajapima mgandamizo wa silinda na kuandika matokeo katika daftari la gari. Nikija tena kukagua, nisikute "halina nguvu" peke yake.