Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kompyuta Inayongoja Kupita Kiasi

Walimu, tafadhali hakikisheni kila mwanafunzi ana kalamu na karatasi, kwa maana leo tuna hesabu.

Nitasema habari za kompyuta inayobofya yenyewe. Wengi wenu mmeona katika ofisi ya chama cha msingi kile kidude kinachosukumwa kwa mkono juu ya meza. Kinaitwa kipanya. Karani hukisukuma, mshale ukatembea juu ya kioo, naye akabonyeza. Kubonyeza huko ndiko kubofya. Lakini karani aweza pia kuiandikia kompyuta maagizo katika lugha iitwayo Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi. Akiongeza chombo kiitwacho PyAutoGUI, mshale hutembea na kubofya bila mkono wa mtu.

Tuseme karani ana wakulima 400 wa pamba, na programu ya ofisi yataka jina moja moja. Kwa kila mkulima yako maagizo 6: bofya Mpya, bofya nafasi ya jina, andika jina, bofya nafasi ya kilo, andika kilo, bofya Hifadhi. Andikeni: 400 mara 6 ni 2,400.

Sasa sikilizeni. PyAutoGUI ina desturi ya kupumzika sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kila agizo. Kwa maagizo 2,400 hizo ni sekunde 240, yaani dakika 4. Si nyingi. Lakini makarani wengi, kwa hofu, huongeza agizo lao wenyewe: lala sekunde 1 baada ya kila hatua. Hapo pana sekunde 2,400 nyingine. Gawanyeni kwa 60. Mmepata ngapi? Dakika 40. Basi anayelalamika kwamba kompyuta ni nzito aanze kutazama huko, kwenye usingizi aliouandika mwenyewe.

Ile sehemu ya kumi nayo yaweza kupunguzwa. Juu ya maagizo huandikwa mstari huu:

pyautogui.PAUSE = 0.02

Maana yake, pumzika sehemu 2 za mia za sekunde. Zile dakika 4 zinakuwa sekunde 48. Ukiandika 0, haipumziki kabisa. Mimi sishauri 0. Pumziko lile liliwekwa kwa sababu: kazi ikiharibika, mtu husukuma mshale mpaka kwenye pembe ya kioo, na maagizo yote husimama. Ndiyo breki yake. Pumziko likiondolewa, mshale wakimbia hata mkono haupati nafasi ya kuukamata. Na wako wanaoizima breki yenyewe ili kuharakisha kazi. Sijui wanaharakisha nini.

Tena kuna jambo kubwa kuliko dakika. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka na mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vikapata shirikisho lao, Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani. Mkulima alitaka uzito wa pamba yake uandikwe kama ulivyo. Leo kosa laweza kuingia kwa mlango mwingine. Mshale umebofya Mpya, ukurasa umechelewa kufunguka, na maagizo hayakungoja. Jina la mkulima wa pili halikupokelewa, lakini kilo zake zimeandikwa penye kilo za mkulima wa kwanza. Wa kwanza alileta 420, wa pili 180. Amepoteza kilo 240, wala hakuna king'ora kilicholia. Orodha inaonekana safi, na malipo yatatoka hivyo hivyo.

Kwa hiyo usingizi usifutwe tu. Mahali pake pawekwe kungoja kwa kutazama. Mpika ugali hahesabu sekunde. Hutazama maji kama yamechemka, ndipo atie unga. Kompyuta nayo yaweza kuagizwa: tazama nukta fulani ya kioo, ikiwa imegeuka rangi ya ukurasa mpya, endelea, kama bado, tazama tena. Siku mtandao ni mwepesi itangoja kidogo, siku mtandao ni mzito itangoja zaidi. Iwekewe na mpaka: sekunde 10 zikipita bila rangi kuonekana, isimame na kumwita karani.

Kutazama nukta moja ni kazi ya upesi. Kutafuta picha ya kitufe katika kioo kizima kwaweza kula sekunde moja au mbili kila mara, kwa hiyo anayetumia picha aionyeshe kompyuta eneo dogo la kutafuta. Na ikiwa programu ya ofisi hupokea orodha nzima katika faili moja, kubofya kote huku hakuna haja. Karani aulize hilo kwanza.

Nawe mkulima unayesoma tarakimu sasa, omba kuonyeshwa ukurasa wako kabla ya malipo: jina, kisha kilo, ukilinganisha na stakabadhi ya mizani.

Hesabu ya darasa: chama kina wakulima 250, kila mmoja maagizo 6. Pumziko likiwa 0.1, ni sekunde ngapi kwa jumla? Likiwa 0.02, je? Majibu mtayasikia katika somo lijalo. Kwaherini.