Biashara ya Ugenini na Haki ya Ujirani



Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walifika Ujiji, na wengine wakavuka hadi ufuko wa Burundi. Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, alipotaka kuingia kwa bunduki, alizuiwa na Mwami Mwezi Gisabo. Waliopata riziki ya kudumu ni wale waliojuana kwanza na wenyeji, kisha wakauza.

Hata leo Mrundi humtazama mtu kabla ya bidhaa yake. Humpima kwa salamu, kwa kufika msibani, na kwa zawadi ya ng'ombe, ambayo huunganisha nyumba mbili. Mwislamu hashiriki pombe ya mapatano. Basi asikose katika hayo mengine, asije akadhaniwa ana kiburi.

Lakini urafiki haushiki mahali pa hati. Suratul Baqara, aya ya 282, yaamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa. Aonaye haya kuandika leo, kesho hupoteza mali na rafiki pamoja. Na mgeni mmoja akidhulumu, wageni wote hufungiwa mlango.

Wabillahi tawfiq.