Kiti Mwendo cha Umeme Huanzia kwa Daktari

Msikilizaji uliyeko Marekani, kama mzazi wako ana bima ya Medicare na anahitaji kiti mwendo cha umeme, msikimbilie dukani. Lazima daktari amwone kwanza, ana kwa ana, ndani ya miezi 6 kabla ya kuandika agizo la kiti.

Wengi hukwama kwenye maandishi. "Mgonjwa hatembei vizuri" haitoshi. Faili lieleze nguvu za mikono na miguu, maumivu, pumzi, ameanguka mara ngapi, anakwenda umbali gani kabla ya kuchoka. Lieleze pia kwa nini mkongojo hautoshi, na kwa nini kiti cha kusukuma kwa mikono hakimfai. Fomu aliyoiandaa muuza viti haichukui nafasi ya faili hilo, hata daktari akiitia sahihi.

Kisha kuna hili: Medicare huangalia mahitaji ya ndani ya nyumba, yaani kwenda msalani, kuoga, kuvaa, kula. Ukisema unakitaka cha kwendea msikitini au kanisani tu, utakataliwa. Binafsi naliona sharti gumu mno, lakini ndiyo kanuni.

Na wazee wetu mnavyojibu! Goti linawaka moto, daktari akiuliza hali, "Sijambo, namshukuru Mungu." Mama, baba, siku hiyo msione haya. Semeni: jana nilishindwa kufika chooni. Nawe uliyemsindikiza, hakikisha daktari ameyaandika hayo kabla hamjatoka.